Inakufa au iko nakufa?

Fundi wa magari wa Katuba, hapa Lubumbashi, hakuulizi kwanza gari lako ni la mwaka gani. Anakuuliza linalia namna gani. Ndilo swali nililoulizwa katika mwaka wangu wa kwanza mjini hapa, asubuhi moja teksi ya mjomba wangu ilipokataa kuwaka. Mjomba alikuwa Likasi kwa msiba, dereva alikuwa amekasirika, na mimi, mtoto wa Uvira, ndiye niliyepaswa kumpigia simu na kumweleza.

«Iko nalia namna gani?»

«Tak, papa.»

«Tak moja, ao tak-tak-tak?»

Nilidhani ananitania. Katika darasa la sarufi tanakali hupewa nusu ukurasa, mwishoni kabisa, baada ya viunganishi. Kwa fundi huyu zilikuwa kipimo cha kwanza. Tak moja nzito, taa za mbele zikibaki na nguvu zake: anatazama demarere. Tak-tak-tak ya harakaharaka, na taa zinafifia kila unapozungusha ufunguo: batri haina nguvu, au kose zake zimelegea ama zimeshika ule unga mweupe. Motere ikizunguka vizuri lakini «haikamate», haigusi batri kabisa. Anakwenda kwenye esansi na buji. Na kukiwa kimya, hata tak hakuna, anaanza na nyaya na kontakti.

Yetu ilikuwa tak-tak-tak. Alisugua kose, akazikaza, akajaribu tena. Sauti ikawa ileile. Akanyanyuka, akajifuta mikono, akasema: «Batri inakufa.»

Nikampigia mjomba: «Fundi anasema betri iko karibu kufa, lakini bado.» Mjomba akasema basi ipelekwe ikachajiwe. Tukalipia usiku mzima wa chaji. Kesho yake, tak-tak-tak. Fundi akaweka kipimo chake: volti 10,5. Betri ya gari ina seli sita, na ikijaa vizuri inafika volti 12,6 hivi. Seli moja ikiisha kufa, unaweza kuchaji hadi Krismasi, itabaki kwenye 10 na kitu. Alinitazama kwa huruma kidogo.

«Nilisema inakufa. Sikusema iko nakufa.»

Teksi ililala siku mbili, pesa ya chaji ilipotea, na kosa halikuwa la fundi. Alikuwa amesema sawasawa kabisa. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, -na- mara nyingi hueleza jambo lililokwisha kutimia, na kinachoendelea hubebwa na iko. Mimi nilisikia «inakufa» kwa masikio ya nyumbani na ya kitabu cha shule, nikatafsiri maiti kuwa mgonjwa.

Nalisimulia jambo hili kwa sababu ya mazungumzo tunayorudia kila mwaka katika idara yetu. Mtu akipendekeza kuandika kazi ya mwisho wa masomo juu ya lugha ya gereji, anajibiwa kwamba ile si lugha, ni mchanganyiko: demarere, kose, buji, esansi, Kifaransa kilichovunjika. Halafu anashauriwa atengeneze orodha ya istilahi sanifu ili mafundi wajifunze kusema stata na plagi. Stata na plagi zimetoka Kiingereza. Sioni kwa nini neno la mkoloni wa jirani liwe safi kuliko la mkoloni wetu. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba orodha za namna hiyo ni za nomino tupu, na nomino siyo mahali ambapo kazi inafanyika. Hata mjinga kama mimi alielewa batri ni nini. Kilichotugharimu ni wakati wa kitenzi, na kitenzi kile ni cha Kibantu kuanzia kiambishi hadi mwisho. Kuwaka, kukamata, kulia, kukata, kufa: ndivyo vinavyobeba uchunguzi wote. Kifaransa kimetoa majina ya vipande, basi.

Wengine waliliona zamani. Johannes Fabian alichapisha mwaka 1990 matini ya André Yav kuhusu mji wa Elisabethville, iliyoandikwa mwaka 1965 katika Kiswahili hikihiki tunachokiita kibovu, na wasomi wa mbali wanaisoma hadi leo. Sisi tuko dakika ishirini kwa basi kutoka gereji, na tunasubiri mtu wa Ulaya aje na kinasa sauti.

Najua pingamizi. Kijana wa gereji anayeingia shule ya ufundi atafanya mtihani kwa Kifaransa, sasa tak-tak-tak itamsaidia nini? Itamsaidia sana, kama mwalimu wake ataanzia hapo. Kijana yule tayari anajua kutofautisha betri na demarere kwa sikio, na anajua kutofautisha kilichokufa na kinachokufa. Anachokosa ni njia ya kutoka kwenye ujuzi huo kwenda kwenye ukurasa wa Kifaransa, na njia hiyo haiwezi kujengwa na mtu ambaye hajawahi kusikiliza upande wa kuanzia.

Ndiyo sababu naiomba idara ikubali kazi mbili au tatu za mwaka huu zifanyiwe gereji: zirekodi maswali ya mafundi, vitenzi vyao, sauti wanazoziiga, na zipime jinsi mwanafunzi wa Uvira, wa Kisangani na wa hapa wanavyoelewa sentensi ileile. Mimi nimeomba ya kwanza. Yule fundi amekubali, kwa sharti moja: nisimfunge mdomo mteja anapoigiza sauti ya gari lake, hata akichekesha.