Bangi na Mipaka ya Mamlaka ya Jiji

Marufuku ya bangi nchini Kongo ina umri mkubwa kuliko Lubumbashi yenyewe. Amri iliyokataza kuilima, kuiuza, kuisafirisha na kuwa nayo ilitolewa mwaka 1903, enzi ya Leopold II. Elisabethville, jina la awali la Lubumbashi, ilianzishwa 1910. Na miaka ishirini hivi kabla ya amri hiyo, mpelelezi Mjerumani Hermann Wissmann aliwakuta Waluluwa wa Kasai, chini ya chifu Kalamba Mukenge, wameifanya diamba, yaani bangi, kuwa kiungo cha udugu na utawala. Wanaodai kwamba mmea huu uliletwa na vijana wa leo wana historia ya kusoma.

Swali linalorudi kila mara ni kama meya, au komuni mojawapo kati ya saba za jiji, anaweza kuweka kanuni zake. Hawezi. Ibara ya 202 ya Katiba ya 2006 imeiachia Kinshasa kanuni ya adhabu. Kwa kulinganisha, huko California kura ya 2016 iliruhusu bangi kwa watu wazima, ikaipa miji uwezo wa kukataa maduka, lakini si uwezo wa kumzuia mkazi kuotesha miche sita ndani ya nyumba yake. Mji wa huko hugawiwa mamlaka na sheria iliyo juu yake. Lubumbashi haikugawiwa kitu.

Hata hivyo jiji lina desturi yake, nayo hukaa mezani kwa OPJ, yaani ofisa wa polisi ya mahakama. Kijana akikamatwa katika komuni ya Katuba na msokoto mmoja, mwenendo wa kesi za jinai wa 1959 unamruhusu ofisa huyo, akiona kosa lingeishia kwenye faini tu, kumtaka alipe fedha kwa Hazina na shauri likomee hapo. Asipoona hivyo, faili huenda kwa mwendesha mashtaka, na mwisho wa njia hiyo unaweza kuwa gereza la Kasapa. Kosa ni lile lile. Tofauti iko katika uamuzi wa mtu mmoja, na familia inayongoja nje mara nyingi haijui kwamba malipo halali yana risiti, wala kwamba Katiba inakataza kumweka mtu mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48 bila kumfikisha mbele ya mamlaka ya mahakama.

Zambia, ambayo mpaka wake wa Kasumbalesa hauko hata kilomita 100 kutoka Lubumbashi, ilipitisha sheria za bangi mwaka 2021. Wafanyabiashara huzitaja kana kwamba zimefungua milango yote. Sheria hizo zinahusu leseni za dawa na viwanda. Kuvuta kwa starehe bado ni kosa.

Mjadala wa kuhalalisha ni wa wabunge wa Haut-Katanga walioko Kinshasa, na wapelekewe huko. Ofisi za komuni zina kazi ndogo zaidi inayowezekana leo: zibandike ukutani, kwa Kiswahili, adhabu iliyopo, kiwango cha faini na haki za aliyekamatwa.