KWA BABA NA MAMA: Mtoto Anayekimbia Mswaki



Jumapili moja, watu walipokuwa wakitoka kanisani baada ya Misa ya kwanza, mama mmoja alibaki nyuma karibu na mlango. Alikuwa na mtoto wake wa kiume, wa miaka saba hivi, aliyejifunika shavu kwa kiganja. Mama alisema kwa sauti ya chini:

“Nimechoka. Kila asubuhi nyumbani mwetu ni vita. Nikishika mswaki tu, mtoto huyu apiga kelele kana kwamba nataka kumchinja. Baba yake amshika mikono, shangazi yake amshika kichwa, nami namsugua meno kwa nguvu. Hulia, hutapika, na siku moja aliniuma kidole. Sasa jino limeoza, naye hataki hata kufungua kinywa. Jirani wameanza kunong’ona ya kwamba ana pepo. Nifanye nini?”

Tulimtazama mtoto, tukaona shavu limevimba. Tukamwambia mama ampeleke hospitali siku ile ile, kwa maana usaha wa jino waweza kuenea usoni na shingoni hata kuhatarisha maisha. Mtoto aling’olewa jino, akapona. Lakini swali la mama lilibaki pale pale, kwa maana kesho yake asubuhi mswaki ungekuwapo tena. Na kwa kuwa si mama huyu peke yake mwenye mashaka hayo, tumeona yafaa kulijibu hapa.

Je, ni ukaidi?

Wazazi wengi husema: “Ni mtundu. Fimbo itamfundisha.” Nao huleta methali: samaki mkunje angali mbichi. Methali ni ya kweli. Lakini kukunja si kuvunja.

Wazee wetu wana methali nyingine inayofaa zaidi hapa: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe wasafisha meno yako bila kufikiri, kwa hiyo wadhani kila mtu ahisi kama wewe. Sivyo. Midomo na ulimi ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye kuhisi upesi kuliko zote. Kuna watu ambao ubongo wao huzipokea habari za ngozi, za ulimi na za masikio kwa nguvu mno. Kwako wewe nywele za mswaki zapapasa; kwake yeye zachoma. Kwako harufu ya nanaa yapendeza. Kwake ni moto. Wala hasemi uongo, kwa maana dawa ya nanaa huamsha mishipa ile ile ya fahamu inayotuambia habari za baridi, nayo ikizidi huwasha. Povu lajaa kinywani naye aona kama anazama. Hata sauti ya kusugua hupita katika mifupa ya kichwa, ikafika sikioni kubwa kuliko unavyoisikia wewe uliyesimama kando.

Mambo haya yamechunguzwa na wataalamu. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, huko Marekani, aliandika habari za watoto 11 wenye hali ambayo leo kwa Kiswahili twaiita usonji. Mwaka 1972 Jean Ayres, naye wa Marekani, alitoa kitabu juu ya watoto ambao ubongo wao hushindwa kupanga vizuri habari za milango ya fahamu. Na mwaka 2013 madaktari wa akili wa nchi hiyo waliandika katika kitabu chao rasmi ya kwamba kuhisi kupita kiasi, au kuhisi pungufu, ni mojawapo ya dalili za usonji. Lakini tusikosee: si kila mtoto anayekimbia mswaki ana usonji. Wako wenye akili kali na maneno mengi, wanaofaulu darasani, ambao kinywa chao tu ndicho kisichovumilia. Wako na watu wazima wa namna hiyo, walioficha jambo hili miaka mingi kwa aibu.

Wala tusiseme ya kwamba mtoto wa namna hii ni mchawi au ana pepo. Neno hilo limewatupa watoto wengi wa Kongo barabarani. Sheria ya nchi yetu ya kulinda watoto, ya tarehe 10 Januari 2009, yaweka adhabu kwa yeyote anayemshitaki mtoto uchawi. Na hata kama sheria isingalikuwapo, amri ya upendo ingalitosha.

Lakini meno hayangoji

Mzazi mwingine atasema: “Basi, nitamwacha. Meno ya utoto yatang’oka yenyewe.” Huo nao si upendo. Vijidudu vya kinywani hula sukari, vikatoa uchachu, na uchachu huo hutoboa gamba gumu la jino. Meno ya utoto ni 20, nayo hushika nafasi ya meno yatakayofuata. Yakioza mapema, mtoto hushindwa kula, hukosa usingizi, na meno ya ukubwa yaweza kuota kombo. Tena, mtoto akifikia miaka sita hivi, gego la kwanza la ukubwa huota nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung’oka. Wazazi wengi hawalijui, hudhani ni jino la utoto, wakaliacha lioze. Nalo halina badala.

Kwa hiyo hapana budi kusafisha. Swali ni kwa njia gani.

Njia ya polepole

Kwanza, chunguza kama mganga. Ni nini hasa kinachomsumbua? Ni ladha? Ni povu? Ni nywele za mswaki? Ni maji ya baridi? Ni kuinamishwa kichwa nyuma? Ni kushtukizwa? Badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, upate kujua lililo chanzo. Tumia maji ya vuguvugu. Tafuta mswaki mdogo wenye nywele laini. Ikiwa nanaa yamchoma, tafuta dawa ya meno isiyo na nanaa, yenye madini ya floraidi. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu yatosha kiasi cha punje ya mchele. Tangu miaka mitatu hata sita, kiasi cha punje ya njegere. Na ikiwa hawezi kabisa dawa, sugua kwa mswaki mtupu wenye maji, huku mkiendelea kujaribu. Kidogo chafaa kuliko vita.

Pili, usianzie kinywani. Anza mbali. Siku chache sugua kiganja chake kwa mswaki, kisha mkono, kisha shavu, kisha midomo. Ndipo uguse jino moja la mbele, ukaache. Mguso mwepesi kama wa unyoya huwasumbua wengi wao zaidi kuliko mguso ulio imara. Basi mkono wako uwe imara, lakini usiwe mkali.

Tatu, mwambie mwisho ulipo. Mtoto asiyejua taabu itakwisha lini huogopa mara mbili. Hesabu kwa sauti hata tano, kisha acha. Kesho hesabu tena tano. Akizoea, fika kumi. Lakini ukiahidi kuacha kwenye tano, acha kwenye tano, hata kama jino moja limebaki. Mzazi anayevunja ahadi hii mara moja atalipa kwa majuma mengi.

Nne, yawe mahali pale pale, saa ile ile, kwa utaratibu ule ule, asubuhi na jioni kabla ya kulala. Aketi mbele yako, mgongo wake ukiegemea kifua chako, nanyi mtazame kioo kama kipo. Mpe yeye ashike mswaki kwanza, kisha wewe umalizie. Mtoto hawezi kujisafisha vizuri peke yake mpaka afikie miaka saba au minane.

Tano, msiidharau njia ya wazee. Neno lenyewe mswaki lilikuwa jina la kijiti kabla ya mswaki wa dukani kufika kwetu. Wako watoto wanaokataa nywele za plastiki, lakini hukubali kutafuna kijiti safi mpaka ncha yake ilainike, kwa kuwa wao wenyewe ndio wanaokiongoza. Kwa mtoto mdogo, kitambaa safi chenye maji, kilichozungushwa kidoleni, chaweza kuwa mwanzo mzuri.

Na siku mbaya zitakuja. Mtoto ana homa, au wageni wamejaa nyumbani, naye hawezi. Siku hiyo asukutue maji, umpanguse kwa kitambaa, mambo yaishe. Lakini chai ya sukari, peremende na miwa kila saa zipungue. Hilo halihitaji mswaki wowote.

Tuongeze neno moja. Wako watoto wa namna ya kinyume, wanaohisi pungufu. Chakula hubaki mashavuni mwao wasijue. Jino huuma nao hawasemi. Ukimwona mtoto ashika shavu, au atafuna upande mmoja, au ajipiga usoni, au akataa chakula alichokipenda, tazama kinywani mwake kabla ya kumkemea.

Kwa mganga wa meno

Msingoje maumivu ndipo mwende. Mkiweza, nendeni mara ya kwanza kutazama tu: mtoto aone kiti, aone taa, asikie sauti, mrudi nyumbani. Siku ya kazi fikeni mapema, kabla watu hawajajaa. Mwambie mganga waziwazi: “Mtoto wangu hawezi kushtukizwa.” Mpatane alama: mtoto akiinua mkono, mganga asimame. Kitambaa juu ya macho huzuia mwanga wa taa. Blanketi lililokunjwa juu ya magoti huwatuliza wengine.

Fahamuni pia ya kwamba mashine inayovuma si njia pekee ya kutibu jino. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, jirani yetu, waganga walianzisha njia ya kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono tu na kuziba tundu mara moja, bila mashine wala umeme. Njia hiyo ilienea katika nchi nyingi. Kuna na dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, ambayo hupakwa juu ya jino lililooza ili uozo usiendelee. Huacha alama nyeusi, lakini haihitaji kuchimba. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha yake ya dawa za lazima. Si kila hospitali inazo, lakini kuuliza si kosa.

Neno kwa wanafunzi

Nanyi vijana wa masomo, pengine mnaye ndugu nyumbani, au mwenzenu darasani, ambaye kinywa chake hakinuki vizuri. Kumcheka ni rahisi. Lakini hamjui vita anavyopigana kila asubuhi. Dada mkubwa anayesafisha meno yake polepole mbele ya mdogo wake, bila maneno mengi, amfundisha kuliko mahubiri. Na wewe mwenyewe, ikiwa mswaki wakutesa, usione haya. Mwambie mama, au mwalimu, au Sista wa dispanseri. Taabu iliyosemwa ni nusu ya taabu.

Bwana alimtenga kando

Katika sura ya saba ya Injili yake, Marko Mtakatifu atusimulia habari za kiziwi aliyekuwa na kigugumizi. Watu walimleta kwa Yezu, wakamsihi amwekee mkono. Tazameni alivyofanya Bwana. Hakumponya mbele ya macho ya wote. Alimtwaa, akamtenga na makutano, wakawa peke yao. Ndipo alipogusa masikio yake, ndipo alipogusa ulimi wake. Aliyeumba ulimi alijua ya kuwa si vyema kuugusa kwa haraka, katikati ya kelele. Sisi sote tuliobatizwa twaijua Effata, ibada ile ambayo padri hugusa masikio na kinywa kwa kulikumbuka tendo hilo. Kinywa cha mtoto, basi, ni mahali patakatifu. Tukiguse kwa heshima.

Tunaye na mwombezi wa meno, Mtakatifu Apolonia, binti wa Afrika, wa mji wa Aleksandria katika Misri. Mwaka 249 watesi walimkamata, wakampiga hata meno yake yakavunjika, kwa sababu hakutaka kumkana Kristu. Kanisa humkumbuka tarehe 9 Februari. Mama mwenye kutetemeka asubuhi kwa sababu ya mswaki amwombe. Amjua mateso ya kinywa kilichoshikwa kwa nguvu.

Yule mama wa mlangoni? Tulimwona tena baada ya miezi kadhaa. Hakuna mwujiza uliotokea. “Tumefika kumi na mbili,” alisema. Hesabu hata kumi na mbili, asubuhi na jioni, na hakuna tena anayemshika kichwa. Nanaa bado hataki. Lakini juzi yeye mwenyewe ndiye aliyeleta mswaki, akaketi mbele ya mama yake, akaanza kuhesabu.