Bati tunaliona, mtaro hatuuoni

SAFU YA MPAKANI
Na Tumaini Simbeye

Ukiingia Tunduma kwa barabara kuu kutokea Mpemba, tazama kulia na kushoto, nyuma ya foleni ya malori. Mabati mekundu, ya bluu na ya kijani, mengi bado yanang'aa. Katikati yake yamesimama maboma: kuta za tofali za kuchoma zilizofungwa lenta zikaishia hapo, majani yameota sebuleni. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 97,562 katika mji huu. Ya 2022 ikahesabu 219,309. Ni zaidi ya mara mbili ndani ya miaka kumi, na wengi wa hao walioongezeka hawakujengewa na shirika wala kukopeshwa na benki. Wamejijengea kwa hela ya mahindi, ya mchele, ya duka la nguo, ya kupakua mizigo mpakani.

Naandika haya kwa heshima, maana najua boma linavyonyanyuliwa hapa kwetu. Mavuno yakiwa mazuri unaleta tripu mbili za mchanga na tofali za tanuri moja. Mwaka unaofuata unachimba msingi. Ada za shule zikifika, fundi anarudi kwao na kazi inalala. Siku ukipata hela ya mbao na bati unapaua, na ukishapaua umehamia, hata kama milango iliyopo ni miwili na madirisha umeyaziba kwa tofali za kupanga tu. Wapo wanaowalaumu watu kwa kuhamia kwenye nyumba ambayo haijapigwa ripu. Mimi siwalaumu. Kodi ya miezi sita inayolipwa kwa mkupuo ni mifuko mingi ya saruji, na familia inayolala kwenye vumbi la chumba chake yenyewe inajua inachokifanya.

Raha yake hakuna wa kukueleza mpaka uionje. Hakuna anayekuhesabia ndoo za maji wala kukuuliza mgeni wako ataondoka lini. Unapigilia msumari ukutani unapotaka. Mtoto akichora ukuta kwa mkaa unamgombeza kama mzazi, huogopi kupewa notisi. Na unapanda mparachichi. Hilo la mparachichi linanigusa kuliko yote, maana mche wa kuunganishwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, na mpangaji asiyejua mwakani atalala mtaa gani hapandi kitu cha kungoja miaka mitatu. Pita Sogea au Katete uone nyumba ambazo hazijapata hata vioo, lakini mbele ya mlango pana mche uliozungushiwa miiba ili mbuzi wasiufikie.

Kwa hiyo inaniuma kuona nyumba hizi zinavyoliwa na maji.

Simama nyuma ya nyumba mpya mvua za Novemba zinapoanza. Bati la msauzi limetokeza nje ya ukuta kwa kiganja kimoja au viwili, gata hakuna. Maji yanashuka kwa mstari mmoja, yanachimba kijifereji chini ya ukuta na kurusha tope mpaka kozi ya tatu. Tofali za chini zimejengewa udongo, kwa sababu saruji iliwekwa akiba ya lenta. Aprili mvua zikikatika, mawe ya msingi yako nje kama meno yaliyoachwa na fizi. Mwaka wa pili au wa tatu ufa unaanzia kwenye kona ya dirisha na kushuka mshazari. Mwenye nyumba anauziba kwa ripu, anapaka rangi. Unarudi palepale, kwa kuwa kinachouleta kiko chini, kwenye msingi uliobaki bila udongo wa kuushika.

Mwenye nyumba huyohuyo, ikifika Septemba, ananunua maji ya mkokoteni kwa dumu. Kero ya maji ya Tunduma mtu wa Tunduma hahitaji kusimuliwa. Lakini piga hesabu hii. Paa la mita 10 kwa 10 likipata mvua ya milimita 10, mvua ambayo Januari hatuishangai hata kidogo, linamwaga karibu lita 1,000. Hayo ni madumu 50 ya lita 20, yameangukia msingi wako, kisha yakaenda kuchimba wa jirani. Gata, bomba na tangi ni gharama, sikatai. Ila nimeona nyumba yenye geti la chuma lililochongwa simba wawili ambayo haina hata futi moja ya gata, na bei ya geti lile ingetosha yote matatu. Tunapamba panapoonekana na wapita njia, tunaacha panapotulinda.

Ugomvi mwingi wa majirani ninaousikia mitaani unaanzia kwenye maji hayohayo. Wa juu anasema mvua ni ya Mungu, wa chini anasema maji yametoka kwenye bati lako. Wanafikishana kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti anakuja, anatazama, na anakuta pa kupitisha mtaro hapapo. Hapakuwepo tangu siku ya kwanza. Mwenye shamba alikata viwanja vya 20 kwa 20 kwa kamba, akavibananisha ili vitoke vingi, na mnunuzi naye akasogeza msingi wake mpaka ncha ya kamba. Njia iliyobaki ni ya bodaboda. Shimo la choo likijaa, gari la kunyonya halifiki. Siku ya msiba jeneza linabebwa mabegani mpaka pale gari lilipoishia, na wanaolibeba ni majirani walewale walioshindwa kuachiana futi tatu.

Halafu kuna karatasi. Watu wengi wa mitaa mipya wana hati ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa na sahihi za mashahidi, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni kabatini. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba ulinunua. Hatimiliki chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 ni jambo jingine. Inakuja baada ya mchoro wa mipango miji, upimaji na bikoni, na inatolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Urasimishaji wa makazi, ambapo wakazi wanachanga ili mtaa wao upimwe, unasaidia, na ninawasihi wanaoombwa mchango wasiucheleweshe. Lakini unapima kilichokwisha kubanana. Hauwezi kupitisha barabara kwenye sebule ya mtu mpaka mwenyewe akubali kumega. Ndiyo maana nasema anayenunua kiwanja leo asichome tofali kabla hajajua eneo lile limepangiwa nini. Waliojenga kando ya barabara kuu nchini wamejifunza hili kwa rangi ya X ukutani, pale Sheria ya Barabara ya 2007 ilipopanua hifadhi kutoka mita 22.5 mpaka mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Na mpango wa kupanua barabara ya Igawa hadi Tunduma, kilomita 218, unatuhusu sisi.

Na hati ya mauziano iwe na majina mawili. Nyumba nyingi hapa zimejengwa na mama anayevuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, asubuhi na kurudi jioni na biashara yake. Saruji ni yake, chakula cha mafundi ni chake, usimamizi wa saiti ni wake, na hati ya mauziano ina jina la baba peke yake. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ni kinga nzuri, lakini ni kinga unayokwenda kuitafuta mahakamani, mara nyingi vyombo vyako vikiwa vimeshatolewa nje. Kuandika jina la pili siku ya kununua ni kazi ya kalamu tu. Akina baba wanaosema hilo ni kutoaminiana wajiulize kama wangekubali kujenga kwa jasho lao nyumba iliyoandikwa jina la mke peke yake.

Neno kwa wenye nyumba wenzangu mnaopangisha. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 2023 ikawa 1,500. Anayedaiwa ni mwenye nyumba, anayenunua umeme ni mpangaji. Mrudishieni au mpunguzieni kwenye kodi ya chumba. Ni 18,000 kwa mwaka, na nyumba ni yenu.

Ombi langu kwa wenyeviti wa mitaa ni hili: kabla ya Novemba, kila mtaa uitishe mkutano wenye ajenda moja, maji ya mvua yapite wapi. Wakazi watembee pamoja kuanzia juu mpaka bondeni, wachore mtaro kwa vijiti na kamba, kila mwenye nyumba aseme anatoa futi ngapi, iandikwe na kusainiwa mbele ya mtendaji. Halmashauri ilete mpimaji, na ilete makalavati pale maji yanapokata barabara. Na mashamba ambayo bado hayajakatwa viwanja, kule Mpemba na Chiwezi, iyapime sasa, wakati kilichosimama humo ni mahindi tu.