Gari Jipya, Maradhi Yale Yale
Nilipolinunua gari langu, nalo lingali likinukia upya wa kiwandani, sikudhani abadani kwamba kabla ya mwaka kutimu ningelilirejesha kwa fundi mara tano kwa ajili ya giaboksi ile ile, ambayo kila ikitengenezwa hutulia wiki mbili, kisha hurudia kugugumia na kutetemeka lipandapo mlima, nami nikaambiwa, kwa adabu kubwa, kuwa hiyo ndiyo tabia yake. Tabia! Huko Marekani, jimbo la Connecticut lilipitisha mwaka 1982 sheria iliyolakabiwa ya malimau, ambayo kwayo gari jipya likishindikana baada ya kutengenezwa mara 4 kwa ila moja, au likilala gereji siku 30, mwenye kiwanda hulazimika kulibadili au kurejesha fedha. Mimi mkopo wa benki ningali naulipa, na dhamana imebakisha miezi miwili.