Muziki wa Bure Una Wenyewe

Wasee, hii tabia ya kuposti klipu ya muziki bila jina la mwanamuziki iishe.

Unaijua. Mtu anakata sekunde thelathini za gita tamu la miaka ya sabini, anaandika juu "enzi za wazee", anaweka emoji ya moto, basi. Laiki zinaingia, wafuasi wanaongezeka. Chini kwa komenti watu wanauliza "huyu ni nani?" na mwenye ukurasa kimya kama maji ya mtungi.

Sipingi muziki wa bure. Sisi ndio kizazi kilichobahatika. Zamani rumba ikipita kwa redio imepita, labda utafute santuri, halafu utafute na mashine ya kuicheza. Leo, kwa bando ya kukopa, umekwama kwenye jam ya Thika Road na unamtazama Franco akiwa jukwaani na TPOK Jazz. Franco alifariki 1989! Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa, na bado tunamwona akitoa jasho.

Lakini bure haimaanishi haina mwenyewe. Maji ya msikitini ni ya bure, na bado kuna mtu aligharamia kisima.

Chukua "Sina Makosa". Hakuna harusi haijachezwa. Uliza wanaocheza ni ya nani, watakuambia Les Wanyika. Sawa. Uliza ni nani anapiga hiyo besi. Kimya. Anaitwa Tommy Malanga. Gita la ridhimu ni la Omar Shabani. Walitoka Simba Wanyika wakaanzisha bendi yao hapa Nairobi mwaka 1978. Ukishajua hivyo, unaenda kuitafuta Simba Wanyika, unakutana na ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, waliotoka Tanga. Usiku mzima umeisha na hujalala. Jina ndilo ufunguo. Ukitafuta "enzi za wazee" utapata nini?

Kuna hii nyingine inaniuma zaidi. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alifika kwa Wakipsigis. Wasichana wakamwimbia wimbo unaoitwa "Chemirocha". Hilo jina ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, vile lilivyogeuka kwenye ndimi za watu waliosikia santuri zake. Rekodi inahifadhiwa Afrika Kusini, na leo unaisikiliza bila kulipa shilingi.

Sasa angalia. Jimmie Rodgers alikufa 1933 na jina lake ndilo kichwa cha wimbo. Wasichana waliosimama mbele ya maiki je? Kiongozi wao, Chemutoi Ketienya, aliandikwa. Wengine ni "wasichana wa Kipsigis" tu. Hiyo ilikuwa 1950, kalamu ikiwa ya mgeni. Leo kalamu iko kwa mkono wako, wewe mtoto wa hapa, na unaandika "Afrika asilia". Hata Chemutoi umemfuta.

Na hii si stori ya heshima peke yake. Kwa muziki, jina ni pesa. "Malaika" ilirekodiwa na Fadhili William, ikaimbwa na Miriam Makeba, ikaimbwa hadi na Boney M. Fadhili alifariki 2001, na mpaka leo watu wanabishana ni nani aliitunga. Ubishi kama huo unazaliwa pale ambapo majina hayakuandikwa vizuri mapema. Kila klipu bila jina inaongeza ubishi mwingine wa kesho.

Najua majibu yenu. Ati "sijui jina lake". Basi andika hujui, uliza, halafu ukijibiwa rudi urekebishe. Kuuliza hakumalizi bando. Ati "hao walishakufa". Sheria ya Kenya inalinda haki ya mtunzi miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hivyo kuna mjane au mtoto mahali ambaye hilo jina linamhusu sana. Ati "mimi nawapa umaarufu". Umaarufu gani huo? Anayejulikana hapo ni wewe na ukurasa wako. Yeye amebaki gita lisilo na mtu.

Tena inashangaza. Nyinyi nyinyi mkiibiwa video, mnapiga nduru siku tatu, mnaweka picha za ushahidi, mnataka kutajwa. Mzee wa besi hana simu ya kupigia nduru. Sasa yeye akalalamike wapi?

Siombi makubwa. Jina la msanii, bendi, mwaka kama unaujua, na mahali mtu anaweza kuipata rekodi nzima, siyo kipande chako tu. Mstari mmoja. Unachukua muda mfupi kuliko kuchagua emoji.

Na wewe unayesambaza, una nguvu kuliko unavyofikiria. Klipu haina jina? Usiisambaze. Uliza kwanza. Ukilijua, liandike hapo chini, hata kama mwenye ukurasa atakasirika.

Tuanze sasa hivi. Weka kwa komenti onyesho moja la zamani ulilolipata bure na likakukosesha usingizi, pamoja na majina ya waliolipiga. Wote, mpaka wa ngoma.