Malipo ya kadi mtandaoni: Fursa yenye mtego kwa wauza asali Singida

TANGU M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, muuza asali au mafuta ya alizeti wa Singida ameweza kulipwa kwa simu na mteja aliyeko Dar es Salaam. Mteja wa Oman au Uingereza, hata hivyo, amezoea kadi.

Kumpata, tovuti pekee haitoshi. Kwa kawaida kampuni za malipo hutaka biashara iliyosajiliwa, namba ya mlipakodi na akaunti ya benki.

Mtego uko mbele zaidi: mwenye kadi anaweza kuyapinga malipo kwenye benki yake hata mzigo ukiwa umeshasafirishwa, na fedha zikarejeshwa kwake. Kwa mwenye mtaji mdogo, stakabadhi ya msafirishaji ndiyo kinga. Asiyeitunza hupoteza asali na fedha.