Black Label Inanukia Ufuo Wetu

Wasee, acha nikiri kitu. Ile chupa ya Johnnie Walker Black Label mliyoiona kwenye picha zangu za Desemba ilikuwa na strungi. Niliokota chupa tupu nyuma ya baa moja hapa Usenge, nikaisuuza, nikajaza chai, rangi ikakubali. Picha hiyo ilipendwa kuliko video zangu zote za mwaka mzima.

Black yenyewe sikuwa nimewahi kuonja. Nilikuja kuonja matangani, mjomba aliponimiminia kidogo, bila soda, na matone mawili ya maji. Akaniambia, "Nusa kwanza." Manze, nilichosikia ni harufu ya ufuo jioni, akina mama wakigeuza mbuta juu ya moshi. Halafu ukaja utamu kama wa zabibu kavu, na vanila kidogo. Mwisho moshi tena, ukakaa kooni kama mgeni asiyetaka kuaga.

Nikaenda kusoma. Kumbe moshi huo ni wa kweli. Huko Scotland, kwenye kisiwa kama Islay, shayiri iliyochipua hukaushwa kwa moto wa udongo wa kinamasi, ule uliojaa mabaki ya mimea. Vanila inatoka kwenye mapipa ya mbao. Kisha wanachanganya wiski za viwanda tofauti, na hata ile changa kabisa ndani ya Black imekaa pipani miaka 12. Na yote yalianzia kwa John Walker, kijana aliyekuwa na duka la vyakula mjini Kilmarnock mwaka 1820. Duka, wasee! Kama lile la kona unalokopea unga.

Sasa hoja yangu ni hii. Kitu kimesubiri miaka 12, halafu sisi tunakizamisha ndani ya soda na kukimeza kwa sekunde 3. Hapo hatujanunua ladha, tumenunua lebo. Na lebo ni ghali. Mtu anakesha ziwani usiku mzima, asubuhi pesa ya omena inageuka chupa moja mezani, ili tu meza ya pili ione.

Sisemi mnywe. Chini ya miaka 18 sheria hairuhusu, na asilimia 40 ya pombe ni ile ile hata chupa ikiwa nzuri vipi. Kama umri umefika na pesa ni yako, kunywa kidogo, polepole, ujue unachokunywa. Kama huna, hujapungukiwa na kitu. Huo moshi ulishaujua ukiwa mtoto.

Kwa nini nasema leo? Wiki jana binamu yangu wa kidato cha tatu aliniomba ile chupa, "nipige nayo picha tu." Nilinyamaza, kwa sababu mwalimu wake ni mimi.

Picha nimefuta. Chupa iko jikoni kwa mama, anaweka mafuta ya kupikia. Na strungi nakunywa kwa kikombe.